Kabla Hujaruka Ukurasa wa Saba

Wiki jana kijana mmoja wa kwetu Busibwabo alinitumia faili kwenye WhatsApp. Amechaguliwa katibu mratibu wa chama cha wanafunzi wa kaunti yetu kwenye chuo anachosomea. Yuko mwaka wa pili, na furaha imemjaa mpaka cheo ameshakiweka kwenye stetasi. Faili lilikuwa la kanuni za vyama vya wanafunzi, kurasa kumi na moja. Chini yake akaandika: "Braza, wewe ulikuwa kwa hii kiti. Niambie tu gani ni za maana na gani tunaweza kuruka."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, nikaweka simu kwa meza, nikaenda dukani kununua mkate ambao sikuuhitaji.

Wale mnaofuata video zangu mnanijua kwa mambo mepesi: bei ya ndizi ikishavuka, jamaa wa baiskeli aliyefunga friji nyuma na kamba ya mpira, madereva wa trela wanaopika ugali Malaba wakingoja foleni isonge. Mnajua pia niliacha chuo. Kila mara naulizwa kama nilifukuzwa, na huwa najibu kwa utani kwamba tuliachana kwa amani. Leo nitawajibu bila utani, kwa sababu huyu kijana ameniuliza swali ambalo mimi nililijibu vibaya nikiwa na umri wake.

Faili lenyewe linakaa hivi. Kurasa tatu za kwanza ni jina la chuo: usitumie nembo bila ruhusa, usichapishe fulana bila kibali, usiongee na waandishi wa habari, usikiletee chuo aibu. Mbili zinazofuata ni pesa. Wa sita ni maadili: pombe hapana, siasa za vyama hapana, na sentensi moja tu inayosema viongozi wawaheshimu wanachama wote. Wa saba ni safari. Ombi lifike ofisini siku kumi na nne kabla. Mlezi wa chama, yaani mhadhiri, asafiri na kikundi. Gari liwe na bima. Mrudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Iandikwe orodha ya wote wanaosafiri, nambari ya kitambulisho, gari ambalo kila mmoja amepanda, na simu ya jamaa wa karibu. Nakala moja ibaki ofisini, nyingine iwe mkononi mwa kiongozi wa safari. Kuanzia wa nane hadi wa kumi na moja ni adhabu.

Kurasa nne za adhabu, ukurasa mmoja wa safari. Faili letu la wakati ule halikuwa tofauti sana, na mimi nililisoma vile kila komredi hulisoma: hawa watu wanajilinda wao, si sisi. Na sijabadilisha mawazo yote. Hata sheria kubwa ina tabia hiyo hiyo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ilivyorekebishwa 2016, inaeleza kwa makini jinsi baraza la wanafunzi linavyochaguliwa: wanafunzi wanateua wajumbe, wajumbe ndio wanapiga kura, kiongozi anakaa mwaka mmoja na anaweza kurudi mara moja tu. Hapo kwa kura kila kitu kimepigwa msumari. Lakini nani anajua mtoto wa nani amepanda gari gani Jumamosi, hilo linaachiwa katibu mratibu wa miaka ishirini.

Mwaka 2022 huyo katibu mratibu nilikuwa mimi.

Kiti nilikipata kwa sababu moja: mimi ni mtu wa mpaka. Nimekulia Busibwabo, huku Matayos, na Busia mjini ni safari ya boda tu. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa kwetu, baiskeli zikivusha watu na magunia kutoka boda moja hadi boda nyingine, kwa hivyo mtu asinifunze kuvuka. Wanachama walipotaka tripu ya Jinja, kuona mahali Mto Nile unapotokea, wote waligeuka wakaniangalia. Nilijiona mkubwa sana siku hiyo.

Mwanasiasa mmoja wa nyumbani akatoa pesa ya magari na fulana za njano zenye uso wake kifuani. Ombi letu lilifika ofisini zikiwa zimebaki siku sita. Mlezi wetu hakuwa akishika simu. Kusema ukweli, wengi wetu hatukuwahi hata kumwona. Karani akasema turudi wiki ijayo. Mwenyekiti akapata akili: hii si safari ya chama, ni marafiki wanatembea. Marafiki wenye fulana za chama, lakini sawa. Fomu niliijaza hata hivyo, ndiyo ionekane tulijaribu. Mahali pa orodha ya majina niliandika "imeambatishwa". Hakuna kitu kilikuwa kimeambatishwa.

Jumamosi asubuhi tukakutana Busia. Hapa lazima mnielewe vizuri. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi Februari 2018, kuvuka si kazi. Una kitambulisho cha taifa, unapanga laini, unaandikwa, umeingia Uganda. Lakini wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wengi wametoka kufikisha miaka kumi na minane juzi. Wanne wetu walikuwa na wetingi tu, kile kikaratasi unachopewa ukingojea kitambulisho. Kama tungekuwa na akili, wangebaki, ama tungeahirisha. Mimi nikasema nifuateni. Nikawapitisha njia ya panya, katikati ya nyumba za watu, tukiruka mtaro, na dakika kumi baadaye tulikuwa ng'ambo tukiwasubiri wenzetu walionyooka na sheria. Walinipigia makofi. Mmoja wa wale wanne alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza, mkimya, alikuwa amebeba mandazi ya kugawia watu.

Upande wa pili tukakodi taksi mbili, zile za watu kumi na wanne. Hadi Jinja ni kama kilomita 120. Siku ilikuwa tamu, sitawadanganya. Tulipanda boti, tukapiga picha, tukabishana kama maji ya Nile yanatoka ziwani ama yanachipuka pale pale chini. Tulipanga kuondoka saa tisa. Tuliondoka saa moja kasoro.

Mimi na viongozi wengine tulikaa gari la kwanza, na yule msichana pia, kwa sababu kiongozi mwenzetu mmoja alimwambia akae karibu naye. Huko vyuoni kuna msemo, goldirashi: muhula ukifunguka, wakubwa wanakimbilia wasichana wa mwaka wa kwanza vile watu hukimbilia dhahabu Migori. Ni mzaha ambao kila mtu anaujua. Basi huyu mwenzetu alianza mambo yake tulipotoka tu Jinja. Mkono begani. Anatoa, anarudisha. Msichana anasogea dirishani, naye anasogea. Nilikuwa kiti cha mbele. Niligeuka, nikaona, nikasema kitu kama "wewe, wacha mtoto wa wenyewe apumue", na gari lote likacheka. Nilifikiri nimemtetea.

Iganga tulisimama kununua rolex, ile chapati ya mayai. Tulipoondoka, msichana hakuwa amerudi gari letu. Alikuwa amepanda la pili. Hakumwambia mtu, na wewe ungemwambia nani? Watu wa kuambiwa ndio walikuwa wanacheka.

Kama saa tatu na nusu simu yangu ililia. Namba yangu ilikuwa kwenye tangazo la tripu, kwa hivyo wazazi waliojua kitu walinijua mimi. Mama yake. Anamtafuta binti yake, simu imezimwa, wamefika? Niligeuka nyuma. Gari lilikuwa giza, watu wamelala wameegemeana, fulana ni moja, ule uso wa mheshimiwa kila kifua. Kwenye dirisha nikaona kichwa kimefunikwa na leso.

"Yuko hapa, mama. Amelala. Tuko karibu kufika."

"Asante mwanangu. Mungu akubariki."

Wakati huo gari la pili lilikuwa limeshaingia nyuma ya lori lililoegeshwa bila taa, mahali fulani baada ya Bugiri.

Tulijua tukiwa tumefika mpakani, namba ya Uganda isiyojulikana ilipompigia mwenyekiti. Hakuna aliyekufa. Naandika mapema ili msiendelee kusoma mmeshika roho. Watu sita waliumia, wawili vibaya. Lakini saa nne usiku, chini ya taa za mpakani, hatukujua ni akina nani. Tulianza kuhesabu waliokuwepo ili tujue wasiokuwepo, na hesabu hiyo haiwezekani kama hujui mlianza wangapi. Mweka hazina alisema ishirini na saba. Mwenyekiti alisema ishirini na tisa, kwa sababu kuna rafiki ya mtu aliyejiunga asubuhi pale Busia. Nilianza kuandika majina nyuma ya risiti ya mafuta. Nilifika la kumi na tisa nikakwama. Watu niliokula nao mchana kutwa!

Na yule msichana, aliyevunjika paja na kuzimia, alifikishwa hospitali upande wa Uganda bila simu, bila kitambulisho, na bila jina lake kuwa limeandikwa popote kwamba ameingia nchi hiyo. Hilo la mwisho ni kazi ya mikono yangu. Aliandikwa "msichana, Mkenya". Aliweza kujisema alipozinduka karibu na alfajiri.

Saa kumi na moja nilimpigia mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alinyamaza, kisha akauliza pole pole kabisa: "Lakini wewe uliniambia amelala?"

Sina jibu la hilo swali hadi sasa.

Kamati ya nidhamu ilikaa wiki tatu baadaye. Waliuliza nani alitoa kibali. Waliuliza kuhusu nembo ya chuo kwenye fulana, na uso wa mwanasiasa kando ya nembo. Hapo walikaa kama dakika ishirini. Waliuliza kwa nini mlezi hakuwepo, naye mlezi, ambaye siku hiyo ndiyo nilimwona mara ya kwanza, alisema hakuarifiwa. Walinionyesha fomu yangu, pale nilipoandika "imeambatishwa", wakaniuliza kama huo ni mwandiko wangu. Ulikuwa wangu. Chama kilifungiwa, mimi nikasimamishwa muhula mmoja. Adhabu ya haki, sina neno.

Ila hakuna aliyeuliza kwa nini msichana alihama gari. Ukurasa wa maadili ulikuwa mezani, ukurasa wa safari ulikuwa mezani, na hakuna aliyeviweka pamoja. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya kusema, na sikusema. Nilijiambia mambo yamekwisha kuwa mabaya, kuongeza jina la mtu kutasaidia nini. Muhula uliofuata jamaa yule akagombea kiti kikubwa zaidi, akashinda. Mimi nilikuwa nyumbani. Karo ilikuwa na deni, deni likakua, na muda wa kurudi ulipofika sikurudi. Hivyo ndivyo nilivyoacha chuo. Pesa ilikuwa sababu, lakini haikuwa pekee.

Ni nyumbani huko ndiko nilianza kuelewa ile orodha. Tarehe 30 Machi 2023 basi la Pwani University, likipeleka wanafunzi michezoni Eldoret, liligongana na matatu Naivasha. Tarehe 18 Machi 2024 basi la Kenyatta University likagongana na trela Maungu, karibu na Voi, wanafunzi kumi na mmoja wakafa. Haya yalikuwa mabasi ya chuo, si taksi za kuokota. Kwa hivyo sitawadanganya kwamba ukijaza fomu trela itakuogopa. Lakini nilikaa na simu usiku wote nikiona wazazi wakiuliza kitu kile kile: nani yuko kwenye hilo basi? Wangu yumo?

Na kabla ya hapo kuna Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa, 142 kati yao wanafunzi, na miongoni mwa wa kwanza ni wale waliokuwa kwenye ukumbi kwa maombi ya alfajiri. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka televisheni ya jirani ikionyesha familia zikikusanyika uwanja wa Nyayo kule Nairobi, miili ikiwa Chiromo, watu wanangoja jina. Tangu hapo geti za vyuo zikaanza kukagua mifuko na vitambulisho, na tukawa tunalalamika kwamba wanatuchelewesha. Miezi minane baadaye, tarehe 30 Novemba, Strathmore wakafanya zoezi la usalama, risasi zikapigwa, watu wakaamini ni kweli, wengine wakaruka madirishani, na mfanyakazi mmoja akafa. Zoezi la kuwalinda! Mimi nalisoma hivi: usalama ambao mwenyewe hajaelezwa ni hatari nyingine tu. Ukurasa wa saba uko hivyo hivyo. Hakuna mtu aliwahi kutukalisha chini akasema, hii safu ya "gari alilopanda" iko hapa kwa sababu kuna mama atapiga simu usiku. Tulipewa fomu, tukaambiwa siku kumi na nne, muhuri. Kwa hivyo tuliiona kama muhuri.

Lakini hiyo si ruhusa. Nami sikuuliza.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia yule msichana. Sasa yuko karibu kumaliza. Alipoteza mwaka mmoja, na siku za baridi mguu unamsumbua. Nilimwomba ruhusa. Akasema andika, lakini jina langu usiweke, na usinifanye mtu wa kuhurumiwa. Nikamwambia samahani kwamba nilimsahau kwenye orodha. Akanikata: "Hukunisahau kwenye orodha. Orodha haikuwepo. Na hata ingekuwepo ungeniandika gari la kwanza, kwa sababu ndiko mlikuwa mmeniweka."

Nimelifikiria hilo kwa siku kadhaa. Tunaongea kuhusu mienendo mibaya kama jambo la aibu, na usalama kama jambo la magari. Kwa safari ile vilikuwa kitu kimoja. Mtu akisumbuliwa anahama. Anahama kiti, anahama gari, anatoka kwenye sherehe usiku akatembea peke yake hadi hosteli, anaacha kuja mikutanoni. Na akihama hivyo hahami kwa kutangaza, kwa hivyo hayuko tena pale mnapofikiri yuko. Kiongozi anayesema "nawajua watu wangu wote" wakati kuna mmoja anamkwepa, hajui chochote.

Kwa hivyo jibu langu kwa kijana wa Busibwabo lilikuwa refu, ujumbe wa sauti wa dakika tisa, masikini. Nilimwambia aruke chochote anachotaka kuhusu nembo, wakimkamata ni shauri yake. Ukurasa wa sita na wa saba asiruke hata nukta. Mlezi asiposhika simu, amfuate ofisini. Asipopatikana, safari ife. Asiye na kitambulisho asivuke, na asithubutu kuonyesha mtu njia ya panya kwa sababu tu anaijua. Na kama kuna kiongozi mwenzake ambaye wasichana wanahama kiti akikaribia, basi huyo asipande gari, hata kama ndiye aliyeleta pesa ya mheshimiwa. Akaniuliza, "Na wakinichukia?" Nikamwambia watamchukia, ndiyo.

Alikaa kimya siku mbili, nikajua nimemchosha. Jana akanitumia picha. Daftari la shule, mistari amechora na rula: jina, kitambulisho, simu ya mzazi, gari la kwenda, gari la kurudi. Majina thelathini na moja. Mmoja mzazi wake hana simu, ameandika ya jirani, na kando ameandika jirani huyo anaitwaje na anauza nini sokoni. Mimi sikumwambia hilo, amelifikiria mwenyewe.

Akauliza: "Mtu akihama gari njiani nifanye nini, nifute?"

Nikamwambia asifute. Apige mstari mmoja, aandike gari jipya na saa, halafu aende amuulize polepole, wakiwa wawili, kwa nini amehama. Na hilo pia aliandike.

"Kwa nini iende wapi sasa? Safu zimejaa."

Nikamwambia ageuze daftari lilale, achore upya.